Togwa ya Siku ya Tatu

Wewe unayesema utaacha Jumatatu, kaa hapa kwanza. Na mimi nilikuwa na Jumatatu zangu, nyingi tu, na kila moja ilinikuta na kikombe mkononi. Siandiki ili nikuhubirie. Wahubiri nimewasikia, na wengine walinisikia mimi nikiwatukana. Naandika kwa sababu wakati naumwa hapakuwa na mtu wa kunieleza kinachokuja mbele, na jambo usilolijua linatisha mara mbili.

Naitwa Kabula. Niliolewa kijiji kimoja si mbali na Dutwa. Siku hizi tunaitwa mkoa wa Simiyu. Wakati ninaousimulia tulikuwa bado watu wa Shinyanga, na mambo ndiyo kwanza yalikuwa yamefunguliwa. Miaka yote pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake. Unapeleka, unasubiri, malipo yanakuja ukiwa umeshakata tamaa. Mara wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani zao, mtu anapima pamba na kulipwa palepale akiwa bado na nyuzi kichwani. Jamani, tulicheka msimu ule! Dutwa ilijaa baiskeli mpya, redio, mitumba, na kreti za bia zikishushwa mchana kweupe. Na yule ambaye bia ilimshinda bei, alikuwa na mimi.

Maana mimi nilipika gongo. Nilikuwa na pipa langu na mrija wangu nyuma ya nyumba, kando ya zizi, mahali ambapo harufu ya ng'ombe iliificha harufu yangu. Sasa kwetu kuna desturi: mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba haina sumu. Ukimpa mtu kikombe bila kuonja, umemtukana. Kwa hiyo kila mteja aliyekaa kwenye kigoda changu, mimi nilionja kwanza. Wateja wakija wengi, nimeonja mara nyingi. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mimi sikuwa nachovya asali. Ikafika mahali nikawa naonja asubuhi kabla mteja hajaja, halafu naonja wateja wakishaondoka, halafu sikuita tena kuonja.

Ugonjwa ulianza kwenye mikono. Nikiamka vidole vinacheza vyenyewe; nisingeweza kufunga kifungo cha blauzi mpaka nipate kikombe cha kwanza, ndipo vinatulia. Baadaye miguu ikavimba. Nikibonyeza kwa dole gumba, shimo linabaki pale linanitazama. Macho yakawa rangi ya maji ya manjano. Chakula kilinishinda kukitazama, sembuse kukila. Mume wangu, Maduhu, ni mtu wa maneno machache. Akikasirika anakwenda zizini kufunga upya mlango ambao umeshafungwa. Mwaka ule alishinda zizini.

Aliyejua hali yangu kuliko wote alikuwa mwanangu Limi. Alikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo yanaota upya. Kila asubuhi alikuja kitandani, akaleta uso wake karibu na wangu kama anayetaka kunibusu, kumbe ananusa mdomo wangu. Ukiwa haunuki, ananiomba mambo yake: nimsuke, nimpe chumvi ya kulia karanga. Ukiwa unanuka, haniombi kitu. Anakwenda mwenyewe kuwasha moto. Hakuwahi kusema lolote, na mimi nilijifanya sijui anachofanya.

Basi ikaja ile Jumatatu niliyosema kweli naacha. Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Nilimwaga kila kilichokuwa ndani nikajifungia chumbani, peke yangu, kishujaa. Hapa ndipo nakuomba unisikie vizuri, kama hukusikia kingine: mtu aliyekunywa kama mimi asiache peke yake chumbani. Siku ya kwanza nilitetemeka. Ya pili niliona siafu wanapanda blanketi, nikawaua kwa kiganja mpaka kiganja kikawaka moto, na siafu hawakuwepo. Baada ya hapo sikumbuki. Limi ndiye aliyenikuta chini, nimeuma ulimi, miguu inapiga ukuta. Mtoto alitoka mbio akapita nyumba mbili za ndugu wa baba yake bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwa Nyanzobe.

Nyanzobe alikuwa mjane, mama mtu mzima, mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya mto. Mume wake alikuwa amekufa kwa pombe hiyohiyo, na sitakuficha, siku zake za mwisho alikuwa mteja wangu. Nyanzobe alikuja. Walinibeba kwa mkokoteni hadi barabarani Dutwa, na lori la pamba likatuchukua. Nilikwenda Bariadi nimelala juu ya marobota ya pamba, kichwa changu mapajani mwa mwanamke ambaye mimi ndiye niliyemnywesha mumewe. Nilipofumbua macho niliona mbingu tu na kidevu chake.

Hospitalini nilijifunza kukaa kwenye benchi. Siku hizo uchangiaji ulikuwa umeanza, unakuja na sindano yako umenunua nje, na benchi la kusubiri lilikuwa refu na ukuta nyuma yake ulikuwa umeng'aa kwa migongo ya watu. Wagonjwa huulizana. "Wewe unaumwa nini?" Malaria, anasema huyu. Presha, anasema yule. Zamu yangu ikifika nilisema "tumbo". Siku moja bibi mmoja wa Kalemela, aliyekuja na mjukuu, alinitazama mikono, akasema, "Tumbo lako linatetemesha vidole, mayu?" Mayu kwetu ni mama. Kisha akasogea karibu, akanimegea kipande cha kiazi, wala hakuuliza tena. Nilikula kile kiazi chote. Kilikuwa chakula cha kwanza kukaa tumboni kwa muda mrefu, na nililia huku nakitafuna.

Daktari hakunizungusha. "Ini lako limechoka, mama. Ukirudia, hatutaonana mara nyingi." Alisema hivyo tu, akamwita anayefuata.

Niliporudi nyumbani wifi yangu Ng'wasi alikuwa ameshafika kutoka Nyalikungu, kule Maswa, alikokuwa ameolewa na mwenye duka. Nguo za Limi zilikuwa ndani ya mfuko wa salfeti mlangoni. Nilianza kupiga kelele. Wifi aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Sikuchukii, wifi," alisema. "Lakini mtoto ameanza kuota meno huku anapika ugali wa watu wazima. Msimu mzima. Upande, upalilie, uvune, uuze, ukiwa na akili zako. Hapo uje umchukue. Kabla ya hapo, usije."

Nilimtazama Maduhu anitetee. Akainuka akaenda zizini.

Limi alininusa kabla ya kuondoka. Mdomo ulikuwa unanuka dawa tu. Hakuniomba kitu.

Baada ya hapo nililala. Si usingizi, nililala tu, mchana na mchana mwingine. Mabua ya pamba yakachomwa mashambani, moshi ukaingia ndani, sikuinuka kufunga dirisha. Wateja wangu wa zamani walipita wakanisalimia kwa huruma, mmoja akaniletea "kidogo tu ya kutoa baridi". Nilikuwa nimenyoosha mkono kuipokea, sikufichi, wakati Nyanzobe aliposimama mlangoni na jembe begani.

"Ng'wangaluka," alisema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Akamtazama yule mteja mpaka akaondoka na chupa yake.

"Mhola, mayu," nilimjibu. "Nimelala."

"Naona. Amka. Keshokutwa tunaanza kulima, na safari hii uko kwenye kikundi changu."

Kikundi chake nilikijua. Wanawake na wanaume wa jirani, wanalima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, kiongozi anaimba na majembe yanaitikia. Na jioni mwenye shamba anawatolea pombe. Ndiyo malipo. Tangu enzi za bibi zetu, kikundi kinalima kwa pombe.

"Mayu, unanipeleka kwenye pombe unaniokoa na pombe?"

"Pombe nimeiondoa. Watakunywa togwa."

"Wamekubali?"

"Wamenitukana," alisema. "Kesho wakimaliza kunitukana watakubali."

Togwa unaijua: uji wa mtama au mahindi, unapoa, unatiwa kimea, unakuwa mtamu, hata mtoto anyonyaye anapewa. Siku ya kwanza ya kulima, jioni, watu walipomiminiwa togwa, palikuwa na minong'ono. "We Kabula," aliniambia mzee mmoja mbele ya wote, "wewe umekunywa pombe yako yote, sasa umetumalizia na yetu!" Wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikasikia mtu mwingine anacheka peke yake, nyuma, na ndipo nilipomfahamu Masunga.

Masunga alikuwa fundi baiskeli pale Dutwa. Na yeye alikuwa amekunywa mpaka mke akaondoka; aliacha bila mtu kujua, kwa aibu zake, akiogopa kusema asije akashindwa akachekwa. Jioni ile alisimama na kopo lake la togwa akasema, "Hata mimi nilikuwa naumwa huo. Sikusema tu." Na akakaa. Basi. Hakutoa hotuba. Lakini tulikuwa wawili, na kuwa wawili si sawa na kuwa mmoja, we acha tu.

Kikundi kilikuwa na sheria moja nzito: asiyetokea shambani anafuatwa nyumbani, wote, na majembe. Wiki za mwanzo nilifuatwa sana. Wanasimama uani wanaimba wimbo wa kunitania kwa jina, majirani wanatoka kutazama, mpaka nitoke kwa hasira. Nilikuwa nalima kwa hasira. Mikono inatetemeka, jembe linapiga nje ya mstari, na Nyanzobe kwenye mstari wa pembeni anarekebisha pale nilipokosea bila kugeuza kichwa. Siku za mnada Dutwa, siku mbaya kuliko zote maana ndizo nilizokuwa nauzia, nilikaa kibandani kwa Masunga nikishika spoku anazonipa nishike. Jua likishuka na kiu ikinipanda hadi masikioni, anasema, "Shika hii," ananipa nyingine. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, hii baiskeli haina hata tatizo." Akasema, "Najua. Shika."

Mvua zikaja, pamba tukapanda. Miguu ikapungua uvimbe, viatu vikanirudia. Mkono wa kulia ukatulia kabla ya wa kushoto. Asubuhi moja nilifunga vifungo vyote vya blauzi bila kutafuta ukuta wa kuegemea, nikavifungua nikavifunga tena. Maduhu aliniona. Siku ile hakwenda zizini. Alikaa, akaomba uji.

Nilianza kumwona Limi kila mahali. Nilisema moyoni, pamba ikifunguka nyeupe namfuata.

Palizi ya pili tulikuwa tupalilie kwa Masunga. Majirani wawili walikuwa wamempikia togwa mapema, vyungu viwili, maana yeye hana mke. Asubuhi ya siku yenyewe tukapata msiba kijiji cha pili, na kwa msiba jembe linawekwa chini. Tulikwenda kuzika. Kesho yake tukakaa matanga. Siku ya tatu ndipo tulipolima, jua kali baada ya mvua, na togwa ilikuwa imekaa siku zote hizo ndani ya vyungu, kwenye joto, imefunikwa.

Hakuna aliyefikiri. Nakuapia, hakuna. Kwetu togwa ni togwa. Ikichachuka kidogo watu husema imekolea. Watoto walikuwa wanainywa. Ungemwambia yeyote pale kwamba ile ni pombe, angekucheka. Na Nyanzobe mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye aliyenimiminia.

Kopo la kwanza sikujua. Nilikuwa na kiu ya jua, nikaligugumia lote. Kitu kikanichoma kidogo kwenye ulimi, pale nilipojiuma zamani. La pili nilijua. Mwili wangu ulilijua kabla yangu, ukainuka wote kama ng'ombe aliyesikia maji. Nilikunywa la tatu nikiwa natabasamu. Kisha nikasema nakwenda kujisaidia.

Walinipata kesho yake asubuhi, kwenye shamba la pamba la mtu, karibu na nyumba ya mwanamke aliyechukua wateja wangu. Nguo zimeloa umande na mengine. Aliyenipata alikuwa Masunga. Alinifunika koti lake, akakaa chini kando yangu mpaka wengine wakaja, na alikuwa analia huyu mwanaume, analia kwa sauti, "Ni kwangu! Ilikuwa kwangu!"

Kikundi kikakaa kikao. Nilikaa pembeni, kichwa kinapasuka, nikisubiri kufukuzwa. Kwetu mtu akitengwa na kikundi, ametengwa kweli: hupewi moto, hukopeshwi chumvi, na msiba ukikupata unachimba kaburi peke yako. Yule mzee mtani alisema, safari hii bila utani, "Tumeacha pombe yetu kwa ajili yake. Yeye hakuiacha. Aende." Na wengine wakaguna kukubali. Mimi mwenyewe niliguna.

Nyanzobe alikuwa amekaa ametazama viganja vyake.

"Togwa alipika nani?" aliuliza.

Majirani wawili waliopika wakatazamana.

"Nani alimiminia? Mimi. Nimemmiminia mimi. Na sikuonja." Akainua kichwa. "Desturi inasema nini? Anayempa mwenzake kinywaji anaonja kwanza. Toka bibi zetu. Tulipoondoa pombe tukaiondoa na desturi, tukadhani togwa haina sumu. Kwa watu wengine haina. Kwake inayo. Mimi mume wangu alikufa nikimtazama, na huyu nimempa mwenyewe bila kuonja. Mkimtenga, mnitenge na mimi."

Hakuna aliyemtenga Nyanzobe. Mtu gani angethubutu? Na kuanzia siku ile ikawa hivi: chochote kinachonifikia mdomoni kwenye kikundi, togwa, uji, hata maziwa, Nyanzobe anaonja kwanza. Anatia ulimi, anasubiri kidogo, anasema, "Haijachacha. Kunywa." Mwanzoni nilijisikia kama mtoto. Baadaye nilijisikia kama mgeni wa heshima.

Lakini habari haina miguu na bado inafika. Ilifika Nyalikungu kabla pamba haijafunguka. Wifi alituma mtu na neno moja: "Upya."

Msimu mzima upya. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko chumba chenye siafu. Nilivuna pamba nyeupe ambayo haikuwa na maana yoyote. Wanunuzi wakaja na malori, watu wakafurahi, mabua yakachomwa, mvua zikachelewa, tukasubiri, tukapanda. Nililia sana mwaka ule, nikilia huku nalima, na kikundi kiliniacha nilie ili mradi jembe linakwenda. Kuteleza si kuanguka, watu husema. Mimi nilianguka. Niliinuliwa, na hilo ni jambo tofauti.

Msimu wa pili ulipokwisha, tulikwenda Nyalikungu watatu, Nyanzobe, Masunga na mimi, maana mtu wa aibu yangu haendi bila mashahidi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Wifi alitupokea vizuri, akatuandalia wali. Akamwita Limi.

Alikuja msichana mrefu, nywele zimenyolewa za shule, daftari mkononi. Alipiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama." Akaleta uso wake karibu. Nikafumba macho. Alininusa, kwa muda mrefu, na nilijua mdomo wangu haunuki kitu, nikangoja aniombe. Aniombe chochote.

"Mama," alisema, "naomba nibaki huku."

Wifi hakuwa amemfundisha. Niliona alivyoshtuka na yeye. Masunga alitoka nje. Mimi nilisema, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, na nikamaliza wali wangu, kwa sababu mtu aliyekuandalia humwachii sahani.

Wakati wa kurudi, basi liliposhusha watu Bariadi tukisubiri gari la Dutwa, mkabala na kituo palikuwa na baa, muziki, meza zimejaa chupa. Nilizitazama. Nyanzobe hakunikataza. Alifungua kibuyu chake cha maji, akaonja, akanipa. "Kunywa." Ndivyo siku ile ilivyopita.

Hutaki kusikia hivyo, najua. Unataka niseme ukiacha, kila ulichopoteza kinarudi kinakimbia. Hakikimbii. Kingine kinakaa mlangoni kinakutazama mwaka mzima. Wewe endelea kulima.

Ukiniuliza Limi alirudi lini, sitakutajia ile likizo aliyoleta sanduku lake. Nitakutajia mazishi ya Nyanzobe.

Alikufa mwanzo wa mvua, kwa homa, upesi, mtu aliyelima Jumatano akazikwa Jumamosi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuacha pengo la namna ile. Kiu yangu, iliyokuwa imelala, iliamka siku ileile, ikakaa nami msibani kama ndugu wa marehemu. Masunga alichimba kaburi, kila mara akiinua kichwa kunitafuta niko wapi. Wifi Ng'wasi alikuja kutoka Nyalikungu, na Limi, aliyekuwa bado anakaa kwake, alikuja naye.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa jikoni na wanawake, moshi machoni. Mgeni mmoja kutoka kijiji cha mbali, ambaye hakunijua, aliniona nimechoka. "Pole, mayu, kunywa kidogo," akanitia kopo la togwa mkononi. Ilikuwa imepikwa siku ya kuzika.

Nikaishika. Na nikafanya nilivyozoea: nikageuka upande wangu wa kulia, kumpa Nyanzobe aonje. Palikuwa na kigoda tu. Watu wa kikundi wote waliona. Mikono yao ilisimama kwenye sufuria. Mimi niliendelea kushika kopo, na harufu yake ikanipanda, na nakwambia kweli, mkono ulianza kuelekea mdomoni.

Sijui nani alikuwa amemsimulia Limi. Labda Masunga, labda baba yake, yule asiyesema. Alitoka kwa wasichana waliokuwa wanaosha vyombo, akaja na mikono inachuruzika, akalichukua kopo kutoka kwangu kwa mikono miwili kama anavyopokea mtoto mwenye adabu. Akaonja. Akasubiri kidogo, ulimi kwenye meno. Kisha akamwaga yote chini, kwenye majivu.

"Imechacha, mama."

Akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akarudi nayo. Akaonja na maji pia, ndipo akanipa.